Mkoba wa Dola Laki Moja

Kuna viongozi wapendao kutuambia kwamba serikali iliyo rafiki wa matajiri huwaneemesha watu wote. Hoja hiyo si ngeni. Warren Harding aliwaahidi Wamarekani, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kwamba angewarejeshea hali ya kawaida, nao mwaka 1920 wakampa asilimia 60 ya kura. Hazina aliikabidhi kwa Andrew Mellon, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi hiyo. Sheria ya mwaka 1921 ikafuta kodi ya faida ya ziada ambayo makampuni yalitozwa tangu vita, na kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kikashushwa kutoka asilimia 73 hadi 58.

Hatusemi kwamba kupunguza kodi ni wizi. Twauliza ni nani waliozoea kuingia Ikulu bila kubisha hodi.

Jeshi la majini lilikuwa na akiba ya mafuta ardhini, huko Teapot Dome jimboni Wyoming na Elk Hills jimboni California, iliyotengwa kwa siku ya dhiki. Mei 1921 Harding alitia sahihi amri ya kuihamishia akiba hiyo kwa Albert Fall, Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye wizara yake ndiyo isimamiayo ardhi ya umma huko. Mwaka 1922 Fall akamkodishia Harry Sinclair Teapot Dome, na Edward Doheny akampa Elk Hills, kimyakimya, pasipo zabuni. Doheny alikuwa amekwisha kumpelekea dola 100,000 taslimu, mwanawe akiubeba mkoba. Sinclair alitoa mifugo na hati za dhamana. Wasomaji wetu wa kanisani watalikumbuka shamba la mizabibu la Nabothi; ila Nabothi aliulizwa kwanza.

Haikupatikana hati iliyoonyesha kwamba Harding mwenyewe alipokea hata senti. Alifariki Agosti 1923, kabla mambo hayajaanikwa.

Nayo hayakuanikwa kwa toba ya mtu. Seneta Robert La Follette, wa chama tawala chenyewe, ndiye aliyedai uchunguzi. Aliyeubeba mzigo ni Thomas Walsh wa upinzani, chama chenye viti vichache. Magazeti kadhaa yalimwita mchafuzi wa majina ya watu. (Nani miongoni mwetu hajapata kuitwa hivyo?) Fall alipodai kwamba fedha alikopeshwa na mwenye gazeti mmoja, Walsh alifunga safari hadi Florida akamhoji mtu huyo, naye akakiri kwamba hazikutoka kwake. Januari 1924 Doheny mwenyewe akasema ndiye aliyezitoa, akaziita mkopo.

Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi ilibatilisha mikataba yote miwili. Mwaka huo huo, katika kesi nyingine iliyotokana na kashfa za serikali hiyo, iliamua kwamba Bunge lina haki ya kumlazimisha shahidi kufika na kujibu. Kwa maoni yetu, uamuzi huo una thamani kuliko mafuta yaliyookolewa.

Fall alipatikana na hatia ya kupokea rushwa mwaka 1929, akaingia gerezani mwaka 1931, waziri wa kwanza wa Marekani kufungwa kwa kosa alilotenda akiwa madarakani. Doheny alishtakiwa mwaka 1930 kwa kutoa dola zile zile 100,000, za mkoba ule ule. Aliachiliwa huru.