Msingi Usichimbwe Kabla ya Kibali

Hoja iliyoletwa kwenye mkutano uliopita, kwamba tuanze kuchimba msingi wa kituo chetu sisi wanachama tunaoishi nje ya nchi, kule Singida Mjini, kiangazi hiki na kibali cha ujenzi kitufuate baadaye, imepata wafuasi wengi. Sababu zao zinaeleweka. Michango imekaa benki, bei ya saruji na nondo haitusubiri, na mvua zikishaanza mwishoni mwa mwaka kazi ya kuchimba inakuwa ngumu hadi masika yapite. Wengine wameongeza kwamba marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge mapema mwaka 2025, yanayoweka hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, yamemaliza tatizo letu la siku zote la kumiliki ardhi. Jarida hili linaipinga hoja hiyo na linawaomba wajumbe waikatae kabla shilingi moja haijatoka. Kumiliki kiwanja ni jambo moja, kuruhusiwa kujenga juu yake ni jambo jingine. Sheria zake ni tofauti, ofisi zake ni tofauti, na hasara yake ukikosea ni tofauti pia.

Tuanze na hadhi maalum, maana ndiyo iliyowapa wengi matumaini kupita kiasi. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, ilimfungia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa kuwa nchi yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, mwenzetu aliyeapa uraia wa Uingereza au Marekani alihesabiwa mgeni katika kijiji alichozaliwa. Marekebisho ya 2025 yamemfungulia mlango wa ardhi, na tunayapongeza kwa dhati, maana watu wamepigania jambo hilo miaka mingi. Lakini hayakugusa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ambayo inamtaka kila anayeendeleza ardhi ndani ya eneo la mpango apate kwanza idhini ya mamlaka ya upangaji, awe raia, awe mwenye hadhi maalum, awe taasisi. Na kwetu sisi kama taasisi lipo swali ambalo halijajibiwa. Sheria ya Ardhi inaihesabu kampuni au chombo ambacho wengi wa wamiliki wake si raia kuwa nacho si raia. Baadhi ya wadhamini wetu walioandikishwa kwa wakala wa usajili, RITA, wamekwisha kubadilisha pasipoti tangu waandikishwe, na orodha haijasahihishwa. Kamati yetu imeomba kila mdhamini aeleze hali yake ya uraia kwa maandishi. Waliojibu ni wachache mno, na ukimya huo unatuumiza kwa sababu mwanasheria hawezi kutushauri juu ya watu ambao hali zao hazijui.

Jambo linalotutia wasiwasi kuliko yote, hata hivyo, ni mstari mmoja kwenye barua ya toleo ya kiwanja chetu: matumizi, makazi. Tunachotaka kujenga ni ukumbi, maktaba na ofisi. Hayo si makazi. Mji hupangwa kwa matumizi, na kiwanja cha makazi kimewekwa kwenye mchoro wa mipango miji kwa kuzingatia njia ya kupita, maegesho, maji taka na kelele ambazo nyumba ya familia huleta. Ukumbi wa watu mia kadhaa unaleta mengine kabisa. Kwa hiyo kabla hata ya kuomba kibali cha ujenzi inabidi tuombe kubadilisha matumizi ya ardhi, na hilo lina hatua zake: maombi kwa Mkurugenzi wa Manispaa, tangazo la kuwapa majirani nafasi ya kupinga, maoni ya wataalamu, kikao cha Kamati ya Mipango Miji na Mazingira chenye madiwani ndani yake, kisha upande wa ardhi ambako hati yenyewe hurekebishwa. Hakuna hatua hapo inayoweza kurukwa kwa sababu fundi yuko tayari. Tukimwaga msingi wa ukumbi kwenye kiwanja cha makazi, jirani mmoja tu mwenye malalamiko anaweza kuusimamisha mradi wote, na sheria itakuwa upande wake. Waliosema mkutanoni kwamba majirani wanatufahamu na watatuunga mkono huenda wako sahihi. Basi na waulizwe rasmi, waseme hivyo kwenye kumbukumbu za Manispaa.

Halafu ipo mipaka yenyewe. Kiwanja chetu kimeelekea Ziwa Singidani, na kila mwanachama aliyepeleka picha za mandhari yale kwenye kundi la WhatsApp amesifiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukingo wa Singidani, ziwa la chumvi lisilo na mto wa kulitoa maji, husogea kufuatana na mvua. Mita 60 zilizopimwa kwa hatua za miguu mwishoni mwa kiangazi si mita 60 za mpima ardhi. Wapo pia wanachama wanaojenga nyumba zao binafsi kando ya barabara kuu ziendazo Dodoma, Mwanza na Babati. Hao wanapaswa kukumbuka kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Uzio wa michongoma uliopandwa na aliyekuuzia si mpaka. Mpaka ni bikoni, yaani lile jiwe la zege lenye namba, na kwenye viwanja vingi bikoni zimefukiwa na udongo au zimeng'olewa na trekta. Kufufua mipaka kunagharimu sehemu ndogo sana ya fedha za msingi, na mpima ardhi aliyesajiliwa huimaliza kazi hiyo na kuacha maandishi ambayo afisa wa Manispaa atayapokea.

Tutajibiwa, na tumekwisha kujibiwa, kwamba nusu ya mji imejengwa bila kibali na hakuna aliyebomolewa. Kwamba serikali yenyewe baadaye hurasimisha. Ni kweli urasimishaji wa makazi umewapa hati watu wengi waliojenga kwenye maeneo yasiyopimwa, na ni jambo jema kwa mwananchi ambaye hakuwa na kiwanja kilichopimwa cha kununua. Lakini urasimishaji hutambua kile kinachoweza kutambuliwa. Haumwokoi aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara wala aliyeziba njia. Mwaka 2017 nyumba kwa mamia zilibomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na waliopoteza hawakuwa wavamizi wa jana. Wengine walikuwa wamezeekea pale. Ile alama ya X nyekundu ukutani ina maana ya kuondoka bila fidia. Sisi tuna kiwanja kilichopimwa, tuna wanachama wasomi, tuna fedha za kumlipa msanifu. Hatuna udhuru alionao yule asiye na chochote, na hatuwezi kuijenga taasisi ya umma kwa kutegemea msamaha ujao.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba mlolongo ni mrefu na unachosha. Ni mrefu, hatukatai. Michoro hupita kwa afisa mipango miji, afisa ardhi, mhandisi, afisa afya na Zimamoto, kila mmoja akiangalia la kwake. Ila sehemu kubwa ya ucheleweshaji unaolalamikiwa huanzia kwa mwombaji. Michoro inapelekwa bila muhuri wa msanifu aliyesajiliwa na bodi ya wasanifu (AQRB) wala mhandisi wa bodi ya wahandisi (ERB), inarudishwa. Kodi ya pango la ardhi haijalipwa, faili linasimama. Mwenye kiwanja yuko Stockholm na hakuna mtu Singida mwenye hati ya uwakilishi inayokubalika kisheria, bali binamu mwenye ujumbe wa sauti kwenye simu. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unaomtambua mwombaji kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kumpa namba ya malipo, na hilo limepunguza safari za ofisini kwa aliyejiandaa. Wangapi kati yetu hawana namba ya NIDA na hawajui kwamba hawana? Hayo yote yanaweza kushughulikiwa sasa, tukiwa huku, na ubalozini tunakwenda kwa mambo madogo kuliko haya.

Na yupo anayeuliza kibali kinatufaidia nini zaidi ya karatasi. Kinatufaidia macho. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Lilikuwa limepita idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Maafa hayo yanaonyesha pia kwamba karatasi peke yake haizuii ukuta kuanguka. Kinachozuia ni ukaguzi unaoambatana nayo, pale mwombaji anapoutaka na kuufuata. Mkaguzi anapaswa kuona mtaro wa msingi na nondo zilizofungwa kabla zege halijamwagwa, kwa sababu zege likishamwagwa hakuna anayeona tena. Sisi tunaojenga kwa simu tunahitaji ukaguzi huo kuliko mtu yeyote. Picha inayotumwa usiku haionyeshi nafasi kati ya nondo na nondo, wala mifuko mingapi ya saruji imeingia kwenye mchanganyiko. Wanachama wenye nyumba zinazoendelea Mandewa, Misuna na Utemini wakae na mafundi wao wakubaliane hivi: fedha ya hatua inayofuata itoke baada ya ripoti ya ukaguzi ya hatua iliyopita, hata kama fundi ni ndugu.

Kuhusu mvua, hesabu ni hii. Tukisubiri, tunapoteza msimu mmoja. Tukichimba bila kibali na Manispaa ikasimamisha kazi, tunapoteza msimu huo huo, pamoja na saruji, nondo, ujira wa mafundi na jina letu mbele ya madiwani watakaokaa kuamua maombi yetu. Wala masharti ya hati hayatulazimishi kukimbia: kwa kawaida hudai michoro iwasilishwe ndani ya miezi 6 na ujenzi ukamilike ndani ya miezi 36. Cha kukimbilia hapo ni michoro, na ndiyo ambayo hadi leo hatujaiagiza, kwa sababu kila kikao kimeishia kwenye mabishano ya rangi ya bati na jina litakaloandikwa mlangoni, huku wajumbe wa Ulaya na wa Amerika wakilaumiana nani alichangia zaidi.

Tunaomba mkutano ujao upitishe mambo matatu na usifungwe kabla ya kuyapitisha. Fedha ya msanifu, mhandisi na mpima ardhi itoke sasa. Mwakilishi mmoja aliyepo Singida apewe hati ya uwakilishi iliyosainiwa na wadhamini wote. Fedha ya msingi ifungwe benki mpaka mabadiliko ya matumizi yameingia kwenye hati na kibali kimetolewa. Wadhamini ambao hawajaeleza hali yao ya uraia wamwandikie katibu wiki hii.