Kusadikika Haiko Mbali na Kilungu

Kusadikika ni nchi ya angani aliyoibuni Shaaban Robert katika kitabu cha 1951. Mfalme anatawala, Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kuanzisha elimu ya sheria. Wajumbe sita walitumwa nje kutafuta mema, na kila aliyerudi na mawaidha alitiwa gerezani. Siasa ya nje gani hiyo? Nchi itaneemeka vipi?

Lakini tusiwacheke. Likizo iliyopita nilirudi kutoka kwa mjomba na wazo la kuvuna maji ya paa. Nyumbani nikaambiwa, "Nyamaza, mtoto!" Mpaka leo tunapanda mlima na mitungi mgongoni.

Jamani wana Kilungu, wahenga walisema tembea ujionee. Naongeza: aliyetembea akirudi, asikilizwe!