Kabla Hujamwita Dereva Mwizi

Kuna neno ambalo sisi wenye magari ya biashara tunalitamka kwa urahisi kuliko salamu, nalo ni "mwizi". Pikapu ikianza kula mafuta kupita kiasi hatufungui boneti, tunamkazia macho dereva. Nami sijitoi katika kundi hilo. Niliwahi kuwa mstari wa mbele, na haya ninayoyaandika ni kama mtu anayelipa deni.

Nilipostaafu ualimu nilinunua pikapu kuukuu ya petroli, yenye karbureta, nikaiweka kazini kubeba viazi na kabichi kutoka milima ya Mgeta kuleta Morogoro mjini. Nilimpata kijana mmoja mtaratibu wa kuiendesha. Mwanzoni lita moja ilitupa kilometa nane. Mwaka haujaisha, hesabu ikashuka hadi kilometa tano na nusu. Nikaenda kwa wenzangu barazani, kwenye kahawa, nikawaeleza. Hakuna aliyeniuliza habari ya matairi wala breki. Walinijibu kwa sauti moja: "Anakunyonya huyo. Ana mpira na dumu."

Jioni ile nilimwachisha kazi kijana wa watu, nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Hakubishana nami. Aliniwekea ufunguo mkononi, akainama, akaingia ndani.

Mwezi uliofuata niliendesha mwenyewe. Mfuniko wa tangi niliutia kufuli. Mwisho wa mwezi nikapiga hesabu: kilometa tano na nusu kwa lita. Je, ndugu msomaji, sasa mwizi alikuwa nani?

Nilimwendea fundi mmoja mzee, gereji yake iko chini ya mwembe. Hakugusa karbureta. Aliniambia niendeshe kilometa chache bila kukanyaga breki ovyo, kisha akashuka, akapeleka kiganja kwenye ringi moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nyuma kushoto ilimfanya aurudishe mkono haraka. Akapiga jeki, akajaribu kulizungusha gurudumu: zito kama jiwe la kusagia. Breki ilikuwa imeshika, na injini ilikuwa inavuta gari huku breki ikilizuia, kutwa nzima.

"Mnateremkaje Mgeta?" akaniuliza. Nikamjibu kwa fahari kwamba nilimwamuru kijana aweke frii mlimani ili kuokoa mafuta. Yule mzee alinitazama kwa muda. Akaniambia kwamba gari lililo kwenye frii halina cha kulizuia ila breki, na breki zikipata moto safari baada ya safari, mipira ya ndani hukakamaa na pistoni hukwama. Basi amri yangu ya kubana mafuta ndiyo iliyoyamwaga. Tena ingeweza kumwaga damu, kwa sababu breki zilizochemka mteremkoni huweza kukosa nguvu kabisa. Kwa magari ya siku hizi yanayopuliziwa petroli kwa kompyuta, hata hiyo akiba haipo: ukiteremka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta hukata petroli, lakini ukiweka frii injini inaendelea kunywa ili isizimike.

Jambo la pili lilinikera zaidi, kwa kuwa ni ugonjwa wa gereji zetu nyingi. Thamostati haikuwepo. Fundi wa awali aliing'oa siku gari lilipochemsha, akasema hiyo ni ya nchi za baridi. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, na ninasema wazi kwamba ni upotofu. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, ambalo kwa magari mengi ni kama nyuzi 80 na ushei. Ukiing'oa, maji yanazunguka tangu asubuhi, na injini inafanya kazi ikiwa baridi. Petroli kwenye injini baridi haigeuki mvuke vizuri. Nyingine hushikamana na kuta za silinda, ikaosha oili na kuharakisha uchakavu. Na gari la kompyuta likihisi baridi huongeza petroli lenyewe. Ugonjwa halisi wa pikapu yangu ulikuwa rejeta iliyoziba kwa kutu. Fundi hakutibu homa, alivunja kipimajoto.

Mengine yalikuwa madogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Matairi yalikuwa na upepo pungufu, na tairi laini huongeza mzigo wa kusukuma. Eakilina ilijaa vumbi jekundu, na karbureta isiyopata hewa ya kutosha huvuta petroli ya ziada. Juu ya kibanda palikuwa na keria ya chuma isiyobeba kitu, kazi yake kupigana na upepo. Na barabara ya lami nilikuwa nikiikimbiza hadi 100, ilhali upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 100, umeuongeza kwa zaidi ya nusu.

Baada ya matengenezo hayo, kilometa nane zilirudi. Tupige hesabu ya darasani. Kwa kilometa 100, gari la kilometa nane linataka lita 12 na nusu, na la tano na nusu linataka lita 18 na ushei. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ambayo mwaka 2022 tuliivuka, tofauti inapita shilingi 17,000 kila kilometa 100. Fedha hizo ndizo nilizodai zimo mfukoni mwa kijana.

Najua nitajibiwa: "Mwalimu, madereva wezi wapo." Wapo, sikatai. Na kwa sababu wapo ndiyo nasema tupime. Jaza tangi mpaka juu, andika kilometa. Tembea, kisha jaza tena mpaka pale pale, kwenye pampu ile ile. Gawanya kilometa kwa lita. Rudia safari tatu au nne, na mara moja endesha wewe mwenyewe. Daftari la namna hiyo humfichua mwizi, nalo humtetea mwaminifu. Tukikataa kupima, wote wawili wanabaki sawa machoni petu, na mwaminifu hana faida ya uaminifu wake.

Wengine watakuuzia sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, au dawa ya kutia tangini. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, limepima vifaa vya namna hiyo zaidi ya 100, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote. Hela ya sumaku nunulia thamostati.

Nilimtafuta yule kijana. Nilimkuta anaendesha gari la mtu mwingine. Nilimwomba radhi mbele ya mkewe, kama nilivyomdhalilisha mbele ya mkewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo ninakupa, Mwalimu, na nimesamehe. Ila siku ile hukunipigia hesabu. Ulinihukumu kwa maneno ya barazani." Kazini kwangu hakurudi, wala sikuwa na uso wa kumsihi.

Nilifundisha hesabu miaka 31. Siku moja tu niliyoihitaji kwa haki ya mtu, sikuitumia.