Leseni ya Bastola Isiwe Hati ya Kifo Barabarani



Msimu wa pamba ufikapo mkoani kwetu Simiyu, fedha hutembea barabarani, na pamoja na fedha hutembea bastola. Wapo wafanyabiashara wa pamba na wa ng'ombe wanaosafiri kati ya Bariadi, Maswa na Lamadi wakiwa na silaha chini ya shati. Silaha hiyo si ya wizi. Ombi la mwenye nayo lilianzia kijijini, likapita kwenye kata, polisi na kamati za ulinzi na usalama. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtambua. Dola imemchunguza na kumwamini.

Sasa ni usiku, na askari wa barabarani anamulika tochi na kumwamuru asimame. Aseme nini? Akitamka kwamba ana bastola, neno lenyewe laweza kumshtua askari. Akinyamaza, kisha shati likapepea, hali ni mbaya zaidi. Na mkono unaokwenda kutafuta leseni mfukoni, gizani hautofautiani na mkono unaokwenda kutafuta silaha. Mambo haya hayawezi kuachiwa bahati.

Wako wanaotuambia kwamba mwenye leseni hana sababu ya kuogopa. Twawajibu kwa habari ya Marekani. Tarehe 6 Julai 2016, katika jimbo la Minnesota, polisi walilisimamisha gari la Philando Castile, mfanyakazi wa jiko la shule, aliyekuwa na kibali cha kubeba bastola. Alimweleza askari kwa heshima kwamba anayo silaha. Askari akafyatua risasi 7, mbele ya mwenzi wa marehemu na mtoto mdogo wa miaka 4 aliyeketi nyuma. Mwaka 2017 baraza la mahakama likamwachia huru askari huyo. Castile alisema kweli, na kweli hiyo haikumwokoa.

Tusidhani hayo ni ya ughaibuni tu. Januari 2006 wafanyabiashara 3 wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wao wa teksi, walikamatwa na polisi Sinza, Dar es Salaam, wakapelekwa msitu wa Pande na kuuawa. Taifa likaambiwa kwamba walikuwa majambazi waliouawa katika majibizano ya risasi. Tume ya Jaji Kipenka ikagundua kwamba hawakuwa majambazi. Septemba 2016, miaka 10 baadaye, Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja tu. Neno «walikuwa na silaha» lilitosha kufunika damu ya watu 4. Tujiulize, basi, lingefunika kwa wepesi gani damu ya mtu ambaye kweli alikuwa nayo! Ibara ya 14 ya Katiba yetu inalinda haki ya kuishi, wala haimtengi mwenye bastola.

Hatusemi haya kwa kumchukia askari. Naye ni mtoto wa mtu, na wengi wao tunasali nao kanisa moja. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa Kibiti wakitoka zamu kizuizini. Na humu mkoani, Januari 2016, majangili walimuua rubani Mwingereza akiwa ndani ya helikopta katika Pori la Akiba la Maswa. Hofu ya askari ina msingi, na kwa sababu hiyo hiyo yeye mwenyewe anahitaji utaratibu ulioandikwa.

Wenye silaha nao tuwaonye. Wapo waiwekao bastola mezani baa, kando ya chupa, na wapo wamwonyeshao trafiki kiuno badala ya leseni ya udereva. Hao hatuwatetei. Wala hatuwezi kuridhika mheshimiwa anapopigiwa saluti na bastola yake huku mkulima wa Itilima, mwenye gobore lililoandikishwa, akikalishwa chini juani.

Yohane Mbatizaji, askari walipomwuliza wafanye nini, hakuwaamuru waache kazi; aliwakataza kudhulumu na kusingizia (Lk 3:14). Kusingizia! Ndilo lililotendeka Pande.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kamati za Haki na Amani za parokia ziende kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, hapa Bariadi, zikiwa na maswali haya. Je, mwenye leseni anaposimamishwa afanye nini, mikono aiweke wapi, aseme maneno gani? Je, maelekezo hayo yaweza kuandikwa kwa Kiswahili chepesi, apewe kila mmiliki pamoja na leseni yake, na yafundishwe kwa kila askari kabla ya kupangiwa kizuizi? Na risasi ikifyatuliwa kizuizini, ni nani atakayeichunguza, asiyekuwa mwenzake aliyeifyatua?