Nyumba ya Bati, Shamba la Ngoro na Ushuru wa Halmashauri

Wakutanapo wananchi wa Kingerikiti, iwe baada ya misa ya Jumapili au wakingojea kahawa yao ipimwe, mazungumzo yao hayakosi mambo matatu: nyumba mpya zinazojengwa milimani, mambo ya wazee yanayopotea, na ushuru wa Halmashauri. Wako wasemao kwamba mambo haya hayahusiani. Sisi twasema ni jambo moja, na kila mwanachama hana budi kulielewa hivyo.

Tuanze na nyumba. Hatumtaki mwananchi akae katika nyumba ya nyasi inayovuja ili wageni waje kumtazama na kusifu asili yake. Bati na tofali ni haki yake, kwa maana amezitolea jasho katika kahawa. Anayemwambia mkulima asijenge nyumba bora kwa sababu ya urithi, huyo anataka urithi wa watu wengine, si wake.

Lakini tofali huchomwa kwa kuni, na kuni hutoka katika miti ile ile inayoshika udongo wa milima yetu. Tena kiwanja kikikatwa katikati ya shamba la ngoro, ngoro hiyo haitarudi.

Ndugu zetu wa mikoa mingine huenda hawaijui ngoro. Katika miteremko mikali ya Umatengo, mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yakawa miraba. Mwanamke huchimba udongo wa katikati na kuyafunika majani yale. Hubaki shimo katikati na matuta pande zote. Hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kukimbia na udongo kwenda mtoni, nayo majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Kazi hii wazee wetu waliifanya miaka mingi kabla ya Bwana Shamba wa Kizungu kufika. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, pamoja na wenzao wa Japani, walikuja kujifunza kwetu. Basi urithi si magofu tu. Urithi wetu mkubwa unalimwa, nao unatulisha.

Je, sheria inaulinda? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya hapo sharti kitangazwe na Waziri. Mwaka huo unawafaa watu wa Kilwa, wenye misikiti ya karne nyingi. Kwetu ni habari nyingine. Wamisionari wa Benediktini walifika Peramiho mwaka 1898, wala nyumba za miti na udongo za babu zetu hazikujengwa ili zidumu karne mbili. Tukingoja ulinzi uje wenyewe kwa hesabu ya miaka, tutangoja mpaka kusiwe na cha kulinda.

Wala kutangazwa peke yake hakutoshi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wakafa. Jina kubwa halishikilii ukuta. Ukuta hushikiliwa na fundi, na fundi hulipwa fedha.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kodi. Wazee wetu waliijua kodi kwa ubaya wake. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, ikahesabiwa paa kwa paa. Watu wakasongamana katika nyumba chache ili kupunguza mzigo. Hivyo kodi ya mkoloni ilibomoa hata desturi ya kujenga, wala hakuna aliyesomewa hesabu ya fedha zile. Ukitaka kujua uchungu wa utawala ule ulifikia wapi, nenda Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, ukalione kaburi la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906.

Kodi ya leo ni yetu, nasi hatuwaungi mkono wanaotaka kuikwepa. Kodi ya maendeleo ya kila kichwa ilifutwa mwaka 2003. Ushuru wa mazao, ambao uliweza kufika 5 kwa 100, ulishushwa mwaka 2017 ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Maana yake, kahawa ya shilingi 1,000,000 inaipatia Halmashauri shilingi 30,000. Sheria yasema mlipaji ni mnunuzi. Lakini nani asiyejua kwamba mnunuzi hupiga hesabu ya ushuru kabla hajataja bei? Mwenye kuubeba mzigo huo ni mkulima.

Basi mkulima ana haki ya kuuliza: katika kila 30,000 hizo, ngapi zimerudi mlimani? Zimepanda miti mingapi? Zimefundisha vijana wangapi kufyatua tofali zisizohitaji kuchomwa? Zimezungushia ua kaburi gani, zimelinda chemchemi ipi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali hilo lisiishie vijiweni. Tangu Wilaya ya Nyasa ilipozaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012, Halmashauri yetu iko Mbamba Bay, karibu kuliko zamani. Tena tunao Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Kijiji kinaweza kujitungia sheria ndogo, zikajadiliwa na wananchi na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu, mahali walipokula pamoja na kuamua mambo yao pamoja. Mkutano Mkuu ndio sengu ya leo, nasi tukiuacha tupu tusilaumu mtu.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wa Kingerikiti na vijiji jirani wapeleke mambo manne mkutanoni. Kwanza, yaandikwe makaburi, chemchemi, miteremko ya ngoro na majengo ya zamani ambayo kijiji kinataka yabaki. Pili, yatengwe maeneo ya kujenga, ili viwanja visiumeze mteremko wa ngoro. Tatu, anayekata mti wa kuchomea tofali apande mingine. Nne, hesabu za ushuru zisomwe hadharani, na sehemu yake itajwe kwa ajili ya kazi hizo.

Waliotutangulia walidai nchi yao kutoka kwa wageni wakaipata. Sisi tunadai hesabu kutoka kwa ndugu zetu wenyewe, na deni hilo ni jepesi kulidai. Tusilionee haya.