Haki Haifi, Lakini Mlango wa Kuidai Hufungwa

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na swahaba zake.

Ama baad. Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika baraza za misikiti yetu ni yale ya ndugu zetu walioajiriwa serikalini. Huyu asema amerukwa katika kupandishwa cheo kwa sababu ya dini yake. Yule asema amepewa adhabu baada ya kuomba ruhusa ya kwenda kuswali Ijumaa. Dada yetu naye asema ameandikiwa barua ya onyo kwa ajili ya hijabu. Wasikilizaji huhuzunika, huilaani dhulma, huomba dua, kisha kila mmoja hushika njia yake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo hakimu yeyote angelianza nalo: barua hiyo umeipokea tarehe ngapi?

Ndugu Waislamu, swali hilo si dogo. Kwa mtumishi wa umma aliyedhulumiwa, mara nyingi tarehe ndiyo inayoamua kama madai yake yatasikilizwa au yatatupwa kabla hata hayajafunguliwa.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na dini imetajwa humo waziwazi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, kwa njia ya wazi au ya kificho, kwa misingi ya dini, kabila, jinsia, ulemavu na mengineyo. Hata Jeshi la Wananchi, Polisi na Magereza, ambao sehemu kubwa ya sheria hiyo haiwagusi, kifungu hiki kinawahusu. Zaidi ya hayo, mfanyakazi akishaonyesha dalili za msingi za kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kinyume chake humwangukia mwajiri. (Zanzibar ina sheria zake za kazi, na ndugu zetu wa huko hawana budi kuzitazama hizo.)

Basi kinga ipo. Lakini kinga hiyo ina muda. Migogoro inayopelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2007, hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30 ikiwa ni ya kuachishwa kazi, na ndani ya siku 60 ikiwa ni ya jambo jingine, ubaguzi ukiwemo.

Hapa mtumishi wa umma asome kwa makini, maana yeye ana njia ya peke yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize kwanza njia zote za nafuu zilizomo ndani ya sheria hiyo, ndipo azikimbilie sheria za kazi. Akiadhibiwa na mamlaka yake ya nidhamu, rufaa yake ina siku 45. Rufaa hiyo kwa kawaida huenda Tume ya Utumishi wa Umma, na asiyeridhika na uamuzi wa Tume hukata rufaa kwa Rais. Mwaka 2022, katika shauri lililohusu Shirika la Posta, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haina mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mtumishi wa umma ambaye hajamaliza njia hizo, na mwenendo mzima wa shauri ukabatilishwa.

Tazama hatari iliyopo. Mtu apokea barua ya kufukuzwa, akimbilia mlango ambao jirani yake wa kampuni binafsi aliutumia akafanikiwa, na huku siku 45 za mlango wake mwenyewe zinahesabika. Anapoambiwa kwamba amekosea mlango, ule wa kwanza umekwisha kufungwa.

Fiqhi inatufundisha nini?

Wapo watakaouliza: itakuwaje haki ya mja ipotee kwa kupita siku? Swali hili wanavyuoni walilijadili zamani. Majallatul Ahkaamil Adliyya, mkusanyo wa sheria za miamala kwa madhehebu ya Hanafi uliokamilishwa katika dola ya Uthmaniyya mwaka 1876, uliyatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. La kwanza ni haki yenyewe, na hiyo waliamua kwamba haianguki kwa kupita zama: aliyekula mali ya mtu atabaki na dhima mbele ya Allah hata baada ya miaka mia. La pili ni kusikilizwa kwa madai mbele ya kadhi, na hilo waliliwekea mipaka. Madai mengi hayakusikilizwa baada ya miaka 15, isipokuwa mwenye madai awe na udhuru wa kisheria, kama vile utoto, wendawazimu, au kuwa safarini mbali. Hikma yake ni kwamba mashahidi hufa, kumbukumbu hufifia, na mlango usiofungwa kamwe huwafungulia waongo pia.

Kwa hiyo jambo la kuweka muda si geni kwetu. Suratun Nisaa, aya ya 103, inatufahamisha kuwa swala imefaradhishwa kwa nyakati maalumu. Aya ya deni katika Suratul Baqara (2:282) inatuamrisha kuandika, na kutochoka kuandika dogo wala kubwa pamoja na muda wake. Umma ulioamrishwa hivi haupaswi kuwa umma usiojua tarehe ya barua iliyomo mfukoni mwake.

Subira si kunyamaza

Kosa kubwa zaidi ni kuuita uzembe kwa jina la subira. Khawla bint Tha'laba (r.a.) alipodhulumiwa na mumewe hakukaa kimya. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), akahoji, akashitaki, na Allah akaiteremsha Suratul Mujadila kwa ajili ya malalamiko yake. Alisubiri, naam, lakini alisubiri baada ya kushitaki. Subira ya aliyedhulumiwa ni kuvumilia uzito wa kudai, na si kuiacha siku ya 45 ipite huku akisema "namwachia Mungu".

Na uadilifu una upande wa pili. Allah (s.w.) katika Suratul Maida (5:8) anatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki yetu kwa watu. Si kila anayenyimwa cheo amebaguliwa. Mwenye kudai alete ushahidi, na asimsingizie mkuu wake udini pale ambapo yeye mwenyewe hakutimiza kazi.

Tufanye nini?

Kwanza, kila barua itokayo kazini iandikwe siku ilipopokelewa, na nakala yake ihifadhiwe nyumbani. Pili, asiyepewa barua, kama aliyerukwa cheo kimyakimya, aandike malalamiko kwa mwajiri wake na kudai jibu la maandishi, huku akiendelea kuhesabu siku zake, kwani ahadi za mdomo si kinga ya kuchelewa. Tatu, aliyekwisha kuchelewa asikate tamaa, bali aombe kuongezewa muda kwa sababu za kweli. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa mfano, hutazama kiasi cha kuchelewa, sababu zake, uzito wa madai na madhara kwa upande wa pili. Nne, kamati za misikiti ziwaombe Waislamu wenye taaluma ya sheria wakae na waumini walau mara moja kwa mwezi baada ya swala ya Isha. Kumnusuru madhlumu ni amri ya Mtume (s.a.w.), na nusura inayokuja siku ya 46 ni nusura iliyochelewa.

Kwa upande wa Serikali, tunashauri kila barua ya adhabu itaje mahali pa kukata rufaa na idadi ya siku. Nchini Marekani, mtumishi wa serikali ya shirikisho anayedai kubaguliwa naye ana siku 45 tu za kumwona mshauri wa masuala ya usawa kazini. Hata hivyo kanuni zao zinaelekeza muda uongezwe kwa atakayeonyesha kwamba hakujulishwa muda huo wala hakuujua kwa njia nyingine. Mwalimu wa shule ya kijijini, aliye mbali na wanasheria, anastahiki insafu kama hiyo.

Haki yako haifi mbele ya Allah, na Siku ya Kiyama itasimama. Lakini hapa duniani milango ina saa zake, na aliyepewa akili ameamrishwa kubisha hodi kabla haijafungwa.

Wabillahi tawfiiq.