Mkono Mtupu Haulambwi

Kila mwaka, matokeo ya mitihani yanapotangazwa, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huingia katika furaha au majonzi. Kijana aliyefaulu hupongezwa kwa cheti chake. Ni nadra kumsikia mzazi, au hata afisa wa elimu, akiuliza: kijana huyu anaweza kutenda nini kwa mikono yake? Swali hilo ndilo tunaloliweka leo mbele ya wananchi na mbele ya viongozi.

Wakati wake umefika. Mwezi Januari 2024 Tanzania Bara ilianza kuutumia mtaala mpya wenye mkondo wa amali katika shule za sekondari. Hapa Visiwani neno amali si geni. Limo katika jina la Wizara ya Elimu, na tunayo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Jina, basi, tunalo. Lakini jina peke yake halipigi randa wala halifui chuma.

Mafunzo ya mikono katika sehemu zetu hayakuanza jana. Mwishoni mwa mwaka 1860 mapadri wa Kikatoliki kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padri Armand Fava, waliteremka Unguja. Pamoja na hospitali, walifungua karakana. Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1863 akafika Padri Antoine Horner. Mwaka 1868 misheni ilivuka bahari ikaweka makao Bagamoyo, ambako watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kusoma, kulima, useremala na uhunzi.

Hatuyasemi haya kwa kutaka kumpamba mtu. Watoto wale hawakuulizwa wanataka nini. Walitoka katika minyororo wakaingia katika amri. Na serikali ya kikoloni ilipokuja, kazi ya mikono ilifanywa kuwa fungu la mtawaliwa, na kalamu ikawa fungu la mtawala na wachache aliowachagua. Ndiyo sababu hata leo mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amepangiwa ufundi, huona kama ametukanwa. Kidonda hicho tunakielewa. Hata hivyo, dawa yake si kumnyima mtoto nyundo. Dawa ni kumpa nyundo na kitabu kwa pamoja.

Katika shule za ufundi za misheni, hata hivyo, kulikuwa na jambo moja ambalo mwenye haki hawezi kulikataa. Nalo ni mwalimu. Watawa Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania, walikuwa na mabruda waliokuwa wao wenyewe waashi, maseremala, makanika na wapiga chapa. Bruda hakumweleza mwanafunzi habari za msumeno kwa chaki. Alimpa msumeno, akasimama kando yake. Meza iliyotengenezwa ilikwenda kutumika, na ukuta uliojengwa ulibeba paa. Kazi iliyopinda ilivunjwa ikaanzwa upya. Mwanafunzi alijua kwamba anayemfundisha anaiweza kazi, na kwamba kazi yenyewe inahitajika.

Shule za sekondari za Wakatoliki, kwa upande wake, zilifuata njia ya kalamu kama sekondari nyingine za wakati ule. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika mbili kati ya hizo: St. Mary's ya Tabora, kuanzia mwaka 1946 hadi 1949, na St. Francis ya Pugu, hadi alipoiacha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Ni yeye aliyeandika, mwezi Machi 1967, waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba na karakana, na kazi iungane na masomo. Hatuoni ajabu kwamba kasoro hiyo ilielezwa waziwazi na mtu aliyekwisha kusimama darasani na chaki mkononi.

Shabaha ya waraka ule ilikuwa njema. Utekelezaji wake, lazima tuseme kweli, mara nyingi uliipotosha. Wengi wetu tuliosoma miaka ya 1980 na 1990 tunakumbuka jinsi kujitegemea kulivyokuwa. Aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alifyeka majani. Hatukufundishwa udongo una nini, wala mbegu ipandwe kwa nafasi gani, wala hesabu ya mavuno iandikwe vipi. Kazi ikawa adhabu, na kila adhabu huchukiwa. Tukatoka shuleni tumejifunza somo moja tu la kazi za mikono: kuzikimbia.

Linganisha hayo na chuoni, tulikosoma Kurani. Mwalimu wa chuo hakutuhutubia juu ya herufi ya alifu. Aliushika mkono wetu, akautembeza juu ya ubao, na tulipokosea tulifuta tukaandika tena. Mikono yetu ilijifunza kabla ya akili kuelewa, kisha akili ikafuata. Na katika kisomo hicho tulifundishwa kwamba Nabii Nuhu aliunda safina na Nabii Daudi alifua chuma. Ni nani basi aliyetuingizia fikra kwamba kushika patasi ni unyonge?

Sasa na tuitazame karakana ya shule kama ilivyo. Chukua darasa la wanafunzi 40, kipindi cha dakika 80, na jiliwa nne za kubania vyuma. Ikiwa kila mmoja atapata zamu yake, atakuwa na dakika nane. Katika dakika nane hata tupa haijazoeleka mkononi. Na hiyo ni shule yenye bahati ya kuwa na jiliwa nne zilizo nzima, na mwalimu aliyewahi kuzitumia. Penye mwalimu aliyejifunza ufundi kwa kunakili ubaoni, naye atafundisha kwa kuandika ubaoni, na mwanafunzi atafaulu mtihani wa useremala bila ya kuunda kigoda.

Tunatambua kwamba Serikali ina mengi ya kugharimia. Lakini mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Fedha ni haba, naam. Mafundi, hata hivyo, si haba. Nungwi wapo waundaji wa majahazi wasiohitaji mchoro wa karatasi. Mji Mkongwe wapo wachongaji wa milango ambao wageni husafiri kutoka ng'ambo kuja kuitazama kazi yao. Wapo mafundi umeme, mafundi mashine za boti na washonaji wenye ujuzi wa miaka mingi. Watu hao hawaingii darasani kwa sababu hawana cheti, na wenye cheti huingia darasani ilhali hawana ujuzi. Huo ni mpango uliopinduka.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, mafundi hawa wapimwe kwa kazi zao, watambuliwe rasmi na waajiriwe walau kwa siku chache za wiki, wakisaidiana na mwalimu wa somo, nao walipwe kwa heshima na kwa wakati. Pili, pasifunguliwe darasa la amali mahali ambapo hapana vyombo vinavyotosha. Ni heri karakana chache zilizo kamili, zitumiwe na shule kadhaa kwa zamu, kuliko vibao vingi vya majina juu ya vyumba vitupu. Tatu, mtihani wa amali uwe ni kitu kilichotengenezwa na mwanafunzi, kikakaguliwa na fundi.

Kwa wakuu wa shule tunasema: komesheni kabisa kuitumia kazi kama adhabu. Mtoto hawezi kuadhibiwa kwa jembe asubuhi akalipenda somo la kilimo mchana. Kwa wazazi tunasema: elimu haina dhehebu, wala ufundi hauna ukoo. Kama ipo shule, iwe ya Serikali, ya Waislamu au ya Wakatoliki, ambayo karakana yake inafanya kazi kwelikweli, twendeni tukaitazame na tujifunze kwayo bila ya kinyongo.

Viongozi wetu wametangaza kwamba wanataka vijana wanaoweza kujiajiri. Neno hilo tunaliunga mkono. Lakini vijana watalipima kwa yale watakayoyakuta katika karakana: mwalimu anayeiweza kazi, na chombo kilicho kizima. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Tukiwapa watoto wetu vyeti tu na kuiacha mikono yao mitupu, tusije kesho tukawalaumu kwa kukaa barazani.